Jinsi ya kupima ubora wa shule ndogo ya msingi ya serikali: mwongozo kamili kwa mzazi

Shule ya msingi yenye wanafunzi 160 na walimu wanne inapendeza kwenye karatasi. Ukigawa unapata mwalimu mmoja kwa wanafunzi 40, na kiwango kilichowekwa na Serikali ya Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Lakini shule hiyo ina Darasa la Awali, kisha la Kwanza mpaka la Saba. Hayo ni madarasa manane kwa walimu wanne. Kipindi chochote utakachopita, nusu ya madarasa hayana mtu mbele ya ubao, na hapo bado hatujamhesabu anayeumwa, aliyekwenda semina au aliyeitwa na Afisa Elimu Kata.

Kwa hiyo shule ndogo haipimwi kama shule ya mjini yenye mikondo mitatu. Uwiano, wastani na asilimia ni vipimo vya shule kubwa, na vikiletwa kwenye shule yenye watahiniwa 14 vinapotosha, mara kwa kuisifu, mara kwa kuionea. Swali la mzazi liwe hili: mtoto wangu akishinda pale kutwa, nani anamfundisha, na anarudi nyumbani akiwa anajua nini? Hatua zifuatazo zinalijibu swali hilo. Hazihitaji elimu kubwa. Zinahitaji macho, masikio na asubuhi chache za kuahirisha shughuli zako.

Hatua ya kwanza: wasikilize watoto wakisoma

Kabla hujakanyaga shuleni, tafuta watoto watatu au wanne wa jirani wanaosoma pale, wa Darasa la Pili na la Tatu. Usichague wale wanaosifiwa mtaani. Omba ruhusa kwa wazazi wao, kaa nao kwenye mkeka, uwape kitu cha kusoma.

Usiwape kitabu wanachotumia darasani. Watoto wetu wana vichwa vyepesi vya kukariri: mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima wa kitabu chake huku macho yake yako kwenye picha. Tumia kitabu cha hadithi wasichokijua au gazeti lenye habari nyepesi, au andika mwenyewe aya fupi ya sentensi tano kwa herufi kubwa. Weka ndani yake maneno yenye konsonanti zilizobanana: *mbwa*, *chungwa*, *ng'ombe*, *nywele*, *kiangazi*. Aliyefundishwa kuunganisha sauti atasita kidogo kisha atalipata neno. Aliyefundishwa kukariri atabuni: ataona *ch* na kusema *chakula*.

Akimaliza, muulize swali moja ambalo jibu lake limo kwenye aya, kisha moja la kufikiri. Wako wanaotamka kila neno sawasawa wasijue walichosoma. Halafu mpe hesabu ya kutoa yenye kukopa, kwa mfano 52 kutoa 27. Akipata 35, ujue ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipo juu au chini. Kosa hilo linajulikana kwa kila mwalimu wa hisabati aliye makini, na likionekana kwa watoto wote wanne basi si kosa la mtoto, ni la ufundishaji.

Kipimo cha namna hii si kigeni kwetu. Shirika la Twaweza, kupitia tathmini yake ya Uwezo, liliwafuata watoto majumbani Tanzania, Kenya na Uganda kwa jaribio la kiwango cha Darasa la Pili, na mwaka baada ya mwaka likakuta watoto wengi wa Darasa la Tatu hawaimudu hadithi ya Darasa la Pili. Walikuwa wakihudhuria shule. Majina yao yalikuwa kwenye daftari la mahudhurio.

Katika wanne uliowapima, wa Darasa la Tatu wote wakisoma kwa ufasaha na kuelewa, shule ina jambo kubwa imelifanya vizuri. Mmoja akikwama, ni kawaida. Watatu wakikwama, endelea na hatua zinazofuata ukiwa macho.

Hatua ya pili: fungua madaftari

Kama ungeniruhusu kuipima shule kwa kitu kimoja tu, ningeomba madaftari ya hisabati ya watoto watatu wa darasa moja: anayeongoza, wa katikati na anayeshika mkia. Daftari ni ushahidi ambao haukuandaliwa kwa ajili ya mgeni.

Anza na tarehe. Hesabu mazoezi yaliyofanyika ndani ya wiki nne zilizopita. Hisabati inafundishwa karibu kila siku, hivyo daftari lenye mazoezi manne ndani ya wiki nne linakwambia vipindi vingi vilipita bila kazi. Angalia mapengo: je, madaftari yote matatu yana pengo tarehe zilezile? Basi mwalimu hakuwepo. Pengo likiwa kwa mtoto mmoja tu, mtoto ndiye hakuwepo.

Sasa angalia kalamu nyekundu. Alama ya vema juu ya jibu lisilo sahihi maana yake mwalimu alipitisha kalamu bila kusoma. Alama za kosa bila masahihisho chini yake maana yake mtoto aliambiwa amekosea, akaachwa hapohapo. Daftari zuri lina kosa, kisha masahihisho, kisha pengine zoezi la ziada linalofanana na lile alilokosea. Ukiona hilo kwa mtoto anayeshika mkia, umempata mwalimu wa kweli, hata kama darasa lake halina sakafu.

Geukia daftari la Kiswahili au Sayansi. Je, kuna sentensi ambazo mtoto amezitunga mwenyewe, au ni maelezo yaliyonakiliwa ubaoni neno kwa neno, yanafanana kwa wote mpaka alama za uakifishaji? Kunakili kidogo kunahitajika, hasa pale vitabu vikiwa vichache. Daftari zima la kunakili ni ishara kwamba darasa linanyamazishwa kwa chaki.

Hatua ya tatu: hesabu walimu kwa madarasa

Nenda shuleni asubuhi. Piga hodi ofisini, salimia, saini kitabu cha wageni na ueleze kwamba wewe ni mzazi unayetaka kuijua shule. Mwalimu mkuu anayejiamini hatakuzuia. Kisha omba kuona ratiba ya shule nzima, ile iliyobandikwa ukutani.

Angalia kila kipindi una walimu wangapi na madarasa mangapi. Madarasa yakizidi walimu, uliza yale yaliyobaki yanafanya nini. Hapa ndipo shule ndogo nzuri inapoachana na shule ndogo mbaya. Ile mbaya inawaacha watoto wakae kimya wakisubiri, na kiranja mwenye fimbo mlangoni. Ile nzuri ina mpango: Darasa la Kwanza na la Pili wanakaa chumba kimoja na mwalimu mmoja, kundi moja linaandika wakati jingine linasoma kwa sauti, la Tatu na la Nne wanaunganishwa kwenye masomo yanayokaribiana, wakubwa wanaachiwa kazi maalumu yenye muda, na inasahihishwa. Kuunganisha madarasa si aibu, mradi mwalimu ameandaa kazi mbili.

Uliza pia nani anafundisha Darasa la Kwanza. Shule nyingi humpeleka pale mwalimu mgeni au anayekaribia kustaafu, na kuwabakiza hodari kwa Darasa la Saba kwa sababu ya mtihani. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi unaoharibu shule nyingi kuliko upungufu wa fedha. Mtoto asiyejua kusoma akiwa Darasa la Pili atabebwa miaka mitano na walimu watakaomlaumu kwa mzigo walioukuta. Mwalimu mkuu akikwambia, "Darasa la Kwanza nimemweka mwalimu wangu bora," umepata sababu nzito ya kuiamini shule yake.

Walimu wa kujitolea, ambao mara nyingi hulipwa kwa michango ya wazazi, wahesabu pia, ila uliza wamekaa muda gani. Uliza walimu wanaishi wapi. Mwalimu anayetoka mbali kwa bodaboda atachelewa masika yakianza, hata awe na moyo kiasi gani.

Rudi tena siku nyingine bila taarifa, na iwe siku ngumu: siku ya mnada, Ijumaa baada ya saa nne, au siku zinazofuata mishahara, ambapo mwalimu wa kijijini hulazimika kwenda mjini. Simama nje wakati wa kipindi cha kwanza uhesabu madarasa yenye mwalimu.

Hatua ya nne: zungumza na mwalimu mkuu

Katika shule ndogo mwalimu mkuu anaweza kuiinua au kuiangusha shule ndani ya mwaka mmoja. Usimwendee kama mkaguzi. "Shikamoo mwalimu, nina mtoto nataka kumleta hapa, naomba nikuulize mawili matatu," inafungua milango mingi kuliko sauti ya kudai haki.

Muulize ni watoto gani wa Darasa la Tatu ambao bado hawajui kusoma. Shule yenye watoto 22 darasani haina kisingizio cha kutowajua kwa majina. Akitaja watatu na kukueleza anachowafanyia, kwa mfano kuwabakiza nusu saa mchana, hilo ni jibu bora kuliko, "Hapa kwetu wote wanajua." Sijui shule ambayo wote wanajua.

Muulize walimu hukutana lini kujadili ufundishaji. Serikali ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaowataka walimu wakae pamoja shuleni kwao na kusaidiana mada ngumu. Shule yenye walimu wanne inaweza kufanya hivyo chini ya mwembe. Muulize pia taarifa ya mwisho ya wathibiti ubora wa shule ilisema nini. Tangu mfumo wa ukaguzi ulipobadilishwa, wathibiti hao wanaangalia mambo sita: matokeo ya ujifunzaji, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira na usalama, na ushiriki wa jamii. Omba akwambie shule iliambiwa irekebishe nini, na kimerekebishwa kipi.

Hatua ya tano: soma matokeo ya mtihani bila kudanganyika

Matokeo ya Darasa la Saba na ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne yako kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, shule kwa shule. Darasa la Saba wana masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Wastani wa shule kati ya 121 na 180 ni daraja C, 181 hadi 240 ni B, na 241 kwenda juu ni A.

Kwa shule ndogo, usisome mwaka mmoja peke yake. Watahiniwa wakiwa 14, mtoto mmoja ni asilimia saba. Watatu wakiugua malaria wiki ya mtihani, shule imeshuka kwa zaidi ya asilimia 20 na walimu ni walewale. Chukua miaka mitatu na uijumlishe. Tuseme mwaka wa kwanza walifaulu 11 kati ya 12, mwaka uliofuata 9 kati ya 15, kisha 9 kati ya 10. Ukitazama mwaka mmoja mmoja utaona asilimia 92, 60, 90, na utadhani shule imepatwa na balaa katikati. Ukijumlisha ni 29 kati ya 37, yaani asilimia 78. Hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Zamani Baraza lenyewe lilizitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 katika kundi lao kwenye orodha ya matokeo, kwa kuwa si haki kushindanisha 14 na 140.

Kisha fanya hesabu ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Uliza Darasa la Saba la mwaka jana walikuwa wangapi walipoandikishwa Darasa la Kwanza. Kama waliandikishwa 31 na wakafanya mtihani 14, hao 17 wako wapi? Wengine wamehama na wazazi, jambo la kawaida kwenye maeneo ya wafugaji na machimboni. Wengine wamerudia darasa baada ya kushindwa upimaji wa Darasa la Nne. Wengine wameacha kabisa, wasichana kwa mimba, wavulana kwa kuchunga au kuvua. Ufaulu wa asilimia 100 wa waliobaki wachache si sifa mpaka ujue waliopotea walikwenda wapi.

Angalia alama za somo mojamoja pia. Kiswahili hupandisha wastani wa shule nyingi. Hisabati na Kiingereza ndizo zinazoonyesha kama kuna ufundishaji, maana hazipatikani kwa kukariri wala kwa lugha ya nyumbani.

Kuna chanzo kingine cha ushahidi ambacho ni nadra kutumiwa: mwalimu wa Kidato cha Kwanza kwenye sekondari ya kata. Anapokea watoto kutoka shule zote za jirani, na ndiye anayewahamisha kutoka Kiswahili kwenda masomo ya Kiingereza. Mwulize watoto wa shule fulani wakifika wanakuwaje. Atakujibu bila kufikiri.

Kumbuka mfumo unabadilika. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioanza Darasa la Tatu mwaka huo ndio wa kwanza kumalizia Darasa la Sita, mwaka 2027. Kulinganisha matokeo ya kabla na baada ya hapo kutahitaji uangalifu.

Hatua ya sita: vyoo, maji, chakula na fimbo

Kiwango ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa shule yetu ya mfano, yenye wasichana 80 na wavulana 80, ni matundu manne kila upande. Hesabu, kisha ingia. Mlango unafungwa kwa ndani? Maji yapo karibu? Kuna mahali pa msichana mkubwa kujihifadhi akiwa kwenye siku zake? Angalia pia kama choo kizuri kimefungwa kwa kufuli kwa ajili ya wageni.

Kama watoto wanakunywa uji au kula mchana, uliza ni miezi mingapi kwa mwaka, si kama "kuna mpango wa chakula". Mtoto aliyetembea kilomita nne bila kula anasinzia saa tano, na hakuna mwalimu anayeweza kumfundisha.

Kuhusu viboko, sheria ipo wazi na wazazi wengi hawaijui. Kanuni za Adhabu ya Viboko, zilizochapishwa mwaka 2002, zinaruhusu adhabu hiyo kutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye daftari maalumu. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina. Omba kuona daftari hilo. Likiwa tupu na kila mwalimu anatembea na fimbo, ujue kinachofanyika pale hakimo kwenye kanuni. Tazama watoto wenyewe mwalimu anapoingia darasani: wanaosimama kwa heshima na wanaojikunyata ni rahisi kuwatofautisha. Mtoto anayeogopa kukosea hanyooshi kidole, na asiyenyoosha kidole hajulikani amekwama wapi.

Hatua ya saba: fedha na Kamati ya Shule

Tangu elimu bila malipo ianze, Serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, Sh 6,000 zilipangwa kwenda shuleni na Sh 4,000 kununua vitabu. Shule ya wanafunzi 160 inapata basi kama Sh 960,000 kwa mwaka, Sh 80,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini shule ndogo inaishi kwa shida kuliko kubwa. Bati la darasa la watoto 20 lina bei ileile.

Tazama ubao wa matangazo. Mapato na matumizi yamebandikwa, na ni ya mwaka huu? Kutana na mwenyekiti wa Kamati ya Shule, ambaye ni mzazi mwenzako. Mwalimu mkuu ni katibu tu. Muulize walikutana lini mara ya mwisho na waliamua nini. Mwenyekiti anayejua idadi ya vitabu vya Hisabati vya Darasa la Tano ana kamati hai. Michango ikiwepo, iwe imekubaliwa kwenye mkutano wa wazazi, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa.

Yasikupumbaze

Rangi mpya ukutani. Mtoto mmoja aliyepata A na kuchaguliwa shule ya vipaji. Nyimbo za kupokea wageni. Hata jengo: fedha za UVIKO-19 na za BOOST, mradi wa Serikali wa elimu ya awali na msingi, zimejenga madarasa mazuri sana, yakiwemo ya shule shikizi, yaani zile ndogo zilizo chini ya shule mama, na ndani ya baadhi yake hakuna mwalimu wa kutosha. Vilevile usiikatae shule kwa sababu watoto wanasomea kwenye chumba chenye nyufa, kama madaftari yao yanasahihishwa.

Ukishapata majibu

Kama watoto wanasoma, madaftari yana uhai na mwalimu mkuu anawajua walio nyuma, mpeleke mtoto hata kama shule ina walimu wanne. Kasoro zilizobaki ni za kupelekwa kwenye kamati: choo, uji, nyumba ya mwalimu.

Kama walimu wapo na watoto hawasomi, tatizo ni uongozi. Andika ulichokiona kwa tarehe, kipeleke kwenye kamati, na kisiposikilizwa kifikishe kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Afisa Elimu Awali na Msingi wa halmashauri. Maelezo kama "tarehe 12 na 19 madarasa matano hayakuwa na mwalimu kipindi cha kwanza" ni magumu kuyapuuza kuliko "walimu wa pale wavivu".

Kama walimu hawatoshi na waliopo wamechoka, shinikizo lielekezwe halmashauri, si kwao. Wakati huo mtoto wako anahitaji kusomewa na kusoma nyumbani robo saa kila jioni, maana ikama ya walimu, yaani idadi inayotakiwa, haijazwi kwa mwezi mmoja.

Ukiamua kumhamisha, fanya hivyo mwanzo wa mwaka. Akiwa Darasa la Nne au mwaka wake wa mwisho, maliza uhamisho kabla shule haijamsajili kwa mtihani wa taifa, na hakikisha jina lake limeandikwa sawasawa na cheti cha kuzaliwa kwenye kila fomu, shule anayotoka na anayokwenda.